Charango kwa anayeanza: charaza kwanza, madoido baadaye

Wengi wanaotaka kujifunza charango, kigitaa kidogo cha milima ya Andes, washaona video za wale wakali wa Bolivia wanaodonoa noti moja moja kwa kasi, basi wanataka waanzie hapohapo. Mi nasema hapana, anza na mkono wa kulia, charaza, maana hata huo mtindo mpya umesimama juu ya mcharazo wa zamani.

Hatua ya 1: Tyuni. Nyuzi 10, jozi 5, ukihesabu kutoka juu upande wa kidevu: G, C, E, A, E. Jozi ya kati ina E ya chini na E ya juu pamoja, usiibadilishe, utamu wa charango uko hapo. Vijijini kaskazini mwa Potosí, huko Bolivia, wanafunga nyuzi za chuma, tena wanapiga kwa msimu, charango ni ya kiangazi mvua zikianza inawekwa. We anza na nailoni. Lenye mwili wa gamba la amadilo, yule mnyama mwenye ngozi ngumu kama ngao, usinunue kabisa, la mbao linatosha na mnyama abaki hai.

Hatua ya 2: Mdundo wa huayno, muziki wa ngoma wa Andes. Hapa usiwe na haraka jamani. Ni ndefu-fupi-fupi, ndefu-fupi-fupi: chini, chini-juu. Tumia ukucha wa kidole cha shahada, kiwiko kitulie, mkono uzunguke kwenye kifundo tu, ukisikia bega linauma ujue unapiga kwa nguvu za bure. Ziba nyuzi kwa mkono wa kushoto upige mdundo mtupu, bila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) yoyote, mpaka uweze kuongea na mtu huku mkono unaenda.

Hatua ya 3: Kodi, kila namba ni freti (kigawanyo cha shingoni) ya jozi moja kuanzia jozi ya juu, 0 ni jozi isiyobonyezwa. Am 20000, C 00030, E7 12020. Huayno nyingi zinacheza kati ya Am na C, unahama tu bila kusimamisha mdundo.

Hatua ya 4: Sasa madoido. Wanamuziki wawili wa Bolivia: Mauro Núñez ndo aliyetengeneza charango za saizi tofauti zipigwe pamoja, Ernesto Cavour naye akalipandisha charango jukwaani peke yake. Ingia njia hiyo hivi: jozi ya 4 donoa freti 0, 3, 5, halafu jozi ya 5 freti 0, 3, 5 tena. Umepata A, C, D, E, G, A, ngazi nzima ya huayno. Donoa noti mbili, rudi ucharaze Am kipimo kimoja, donoa tena. Mdundo ukiyumba, rudi hatua ya 2.