Kadi Yako ya NVIDIA Imelala? Iamshe Hivi

Mimi nahariri video za harusi na send-off hapa Mwanza. Mashine yangu niliinunua ikiwa imeshatumika: prosesa ya Intel ya viini 4, RAM gigabaiti 16, na kadi ya NVIDIA GTX 1650 yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 4. Hiyo kadi ndiyo iliyonitoa hela. Kisha kwa miezi minane nikawa narenda harusi (yaani mashine inatengeneza video iliyokamilika) usiku kucha, naamka alfajiri nakuta imefika asilimia 70, na bwana harusi keshapiga simu mara mbili. Kumbe muda wote huo kadi ilikuwa imelala fofofo.

Kompyuta mpakato ya aina hii huwa na GPU, yaani prosesa za picha, mbili. Ndogo imo ndani ya prosesa, haili umeme mwingi, na Windows huipendelea ili betri idumu. Kubwa ndiyo uliyoilipia. GTX 1650 ina viini vidogo karibu elfu moja. Kimoja kimoja ni dhaifu, lakini ukivipa kazi inayokatika vipande maelfu vinavyofanana, kama kubadili rangi ya kila nukta kwenye picha, prosesa haifui dafu. Kwa kujumlisha michango ya kamati kwenye Excel, usihangaike, haitakuongezea kitu.

Kwanza weka draiva mpya (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) kutoka tovuti ya NVIDIA yenyewe. Kisha fungua Settings, ingia System, Display, halafu Graphics. Ongeza programu unayotaka, bonyeza Options, chagua High performance, hifadhi. Unafanya hivyo kwa kila programu, moja baada ya nyingine.

Lakini hapo umefungua mlango tu. Programu nyingi zina swichi zake za ndani, na ndizo zilizonichelewesha mimi.

DaVinci Resolve, programu ninayohaririria video: nenda Preferences, sehemu ya Memory and GPU. Ondoa Auto, chagua CUDA (njia ya NVIDIA ya kuipa kadi kazi za hesabu), hakikisha tiki iko kwenye jina la NVIDIA. Tatizo kubwa utakalokutana nalo ni kumbukumbu ya kadi kujaa. Gigabaiti 4 si nyingi. Kamera zangu zinarekodi 4K, lakini mimi nahariri kwenye timeline ya 1080, yenye nukta chache zaidi, maana wateja wangu wengi wanaangalia kwenye simu, na tangu nianze hivyo ujumbe wa kumbukumbu kujaa nausikia kwa wenzangu tu.

HandBrake naitumia kupunguza ukubwa wa faili kabla ya kuweka kwenye flashi. Kwenye kichupo cha Video, badala ya H.265 (namna ya kubana video) ya kawaida chagua ile yenye neno NVEnc. Hii haitumii hata vile viini. Ndani ya kadi kuna sakiti maalumu ya kubana video tu. Kasi yake utaipenda. Ubora unapungua kidogo ukilinganisha na prosesa ikibana polepole kwa faili la ukubwa uleule, kwa hiyo nakala ya kumbukumbu ya familia naiachia prosesa, na ya WhatsApp naipa kadi. OBS nayo, kama unarusha ibada moja kwa moja, ina chaguo la NVENC hukohuko kwenye Output.

Blender, programu ya picha za 3D, ina mtego. Utaingia Preferences, System, utachagua CUDA, utafurahi. Bado. Rudi kwenye paneli ya Render na ubadili Device iwe GPU Compute, la sivyo Cycles, injini yake ya kurenda, inaendelea kuichosha prosesa.

Siku hizi napata pia kazi ya kuandika maneno chini ya hotuba. Natumia Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, na Kiswahili inakijua. Kwenye Command Prompt, dirisha la kuandika amri, naandika:

whisper hotuba.mp3 --model small --language sw

Modeli ya small inahitaji takriban gigabaiti 2 za kadi, medium takriban 5, basi mwenye kadi kama yangu aishie small. Hakikisha PyTorch, programu ambayo Whisper inaitegemea, uliyoweka ni yenye CUDA. Ukiweka ya kawaida itafanya kazi kwa prosesa tu. Majina ya Kisukuma inayavuruga vibaya, hayo nayasahihisha kwa mkono.

Sasa utajuaje kama kadi imeamka? Task Manager ilinidanganya. Nilikuwa naangalia grafu ya 3D, naona sifuri, nakata tamaa, kumbe kazi za CUDA mara nyingi hazionekani pale. Bonyeza mshale pembeni ya jina la grafu, utafute Cuda, au Video Encode kama unabana video. Ukikosa, fungua Command Prompt uandike nvidia-smi. Hapo utaona kumbukumbu iliyotumika, asilimia ya kazi, na joto.

Hilo joto liangalie. Kadi ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, na ukitegemea betri inapunguza pia, kwa hiyo renda ukiwa umechomeka chaja. Mimi zamani nilikuwa narenda mashine ikiwa kitandani, godoro limeziba matundu ya hewa. Siku hizi iko mezani, nyuma nimeiinua kwa vifuniko viwili vya soda, na kila baada ya miezi michache fundi anaifungua kupuliza vumbi.