Kuhamishia lahani za fidla kwenye gitaa moja

Anayekaa barazani katika mtaa wa Langoni jioni huweza kusikia taarabu ya zamani ikitoka kwenye redio ya dukani, na mara nyingi kinachobaki masikioni baada ya wimbo kwisha ni fidla. Mpigaji wa gitaa asiye na kikundi hutamani kuichukua sauti hiyo na kuipiga peke yake kwa vidole. Jambo hilo linawezekana, ila lina mtego ambao mimi mwenyewe niliuingia, nao ni kudhani kwamba gitaa, kwa kuwa lina nyuzi sita, lazima lijazwe sauti kila wakati.

Wimbo wangu wa kwanza niliuwekea kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, chini ya kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo, nikaenda kuupiga mbele ya mzee mmoja aliyewahi kupiga fidla kwenye harusi nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wimbo umeufukia." Nikamuuliza, "Sasa nifanyeje, Ami?" Akaniambia niuimbe kwanza kwa mdomo, gitaa liwe chini. Alikuwa na haki, kwa sababu taarabu ya asili kwa sehemu kubwa hujengwa juu ya lahani moja, yaani mfuatano mmoja wa sauti, ambayo mwimbaji, fidla na udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, huifuata kwa pamoja, kila mmoja akiipamba kwa namna yake, na kodi zikiingizwa kwa wingi huivuta lahani kuelekea mahali isikotaka kwenda.

Basi anza kwa kuimba. Chagua wimbo ambao fidla yake unaikumbuka bila kuusikiliza, kisha tafuta rekodi yake na uichezeshe kwa nusu ya kasi. Programu nyingi za simu hufanya hivyo bila kushusha kimo cha sauti. Usikilize hasa upinde. Mpigaji wa fidla anapotoa nota tatu au nne kwa mvuto mmoja wa upinde, nota hizo huwa neno moja, na anapogeuza upinde huwa ameanza neno jingine. Tia alama kila mahali upinde unapogeuka, kwa maana alama hizo ndizo zitakazoamua kidole cha mkono wa kulia kitang'oa uzi wapi, jambo ambalo watu wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kuzoea kung'oa kila nota.

Kisha chunguza maqamu, yaani ngazi ya sauti ambayo lahani imejengwa juu yake. Hijazi, nahawandi na kurdi hupigika kwenye gitaa bila shida kubwa, kwa kuwa hatua zake hukaribiana na freti, yaani vile vyuma vilivyolazwa shingoni. Rasti na bayati zina sauti zinazokaa katikati ya freti mbili, na wala hakuna freti ya kuzitoa. Anayeanza namshauri achukue wimbo wa hijazi, aiache bayati mpaka mkono wake wa kushoto ukomae.

Kuhusu kupatanisha nyuzi, mimi siutumii mpangilio wa kawaida kwa kazi hii. Natumia ule unaoitwa DADGAD, kwa majina ya sauti za nyuzi zake, ambapo uzi wa sita, wa pili na wa kwanza hulegezwa kwa toni moja (sawa na freti mbili) kila mmoja, na nyuzi zote zikawa, kuanzia uzi mnene, D, A, D, G, A, D. Wapigaji wa Ulaya wanaohamishia lahani za fidla za Ayalandi na Uskoti kwenye gitaa huupenda sana, na wengine hudhani ni mali ya huko. Asili yake iko karibu na sisi kuliko wanavyodhani: Mwingereza Davey Graham aliubuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kufika Moroko na kutaka kupiga pamoja na wapigaji wa udi. Kwa hivyo tunapoutumia kwa taarabu, tunaurudisha jirani na ulikotoka.

Fidla huimba juu kuliko gitaa. Lahani nyingi ukizishusha kwa oktavu moja, yaani mpaka sauti ya jina lile lile iliyo chini yake, zitakaa vizuri kati ya uzi wa nne ulio wazi, yaani usiobanwa, na freti ya saba ya uzi wa kwanza, na nyuzi mbili nene zitabaki huru kwa ajili ya gumba. Hijazi ya D hupangika hivi (flati ni sauti iliyoshushwa freti moja, shapu ni iliyopandishwa freti moja): D ni uzi wa nne wazi, E flati ni freti ya kwanza ya uzi huo huo, F shapu ni freti ya nne, G ni uzi wa tatu wazi, A ni uzi wa pili wazi, B flati na C ni freti ya kwanza na ya tatu za uzi wa pili, na D ya juu ni uzi wa kwanza wazi.

Chukua sasa mteremko mfupi: A, B flati, A, G, F shapu, E flati, D. Ikiwa fidla imezitoa nota tatu za mwanzo kwa mvuto mmoja, ng'oa uzi wa pili mara moja tu, kidole cha kushoto kigonge freti ya kwanza ili B flati itoke, kisha kiondoke kwa kuukwaruza uzi kidogo ili A irudi. G ing'olewe. Hapa ndipo penye tatizo, kwa sababu G iliyo wazi itaendelea kulia juu ya F shapu na sauti zitagombana. Kidole kinachobana F shapu kwenye uzi wa nne kilazwe kidogo kiuguse uzi wa tatu, nao utanyamaza. Nilichukua wiki mbili kulizoea jambo hili dogo, na mpaka leo nikichoka hunitoka.

Nota ndefu ndizo mtihani mkubwa, kwani upinde huweza kuishikilia sauti na hata kuikuza, ilhali uzi wa gitaa huanza kufa mara tu unapong'olewa. Wengine huitetemesha nota kwa vidole vitatu vinavyofuatana kwa kasi, nami huona inafaa mara moja katika wimbo mzima. Ninalolipendelea zaidi ni kuiacha nota ipungue na kumpa gumba nafasi ya kujibu kwa D nzito ya uzi wa sita, kama kikundi kinavyomjibu mwimbaji baina ya mishororo.

Gumba lenyewe lisipewe kazi nyingi. D mwanzoni mwa kipimo na A pale mdundo unapoomba zinatosha kwa wimbo wa mwendo wa pole, na *tak*, lile pigo kavu la ngoma ya dumbaki, huweza kuigwa kwa kupiga ubao wa gitaa kwa ncha ya kidole. Ukipanga chakacha, yenye mapigo sita ya haraka, gumba lishike mawili makubwa na vidole vipite katika matatu, maana mvutano huo ndio unaowainua watu vitini.

Ukifika kwenye bayati, ile E iliyo kati ya E flati na E itafute kwenye uzi wa pili freti ya sita, mahali pa E flati, kisha uvute uzi kwa upande mpaka ipande robo ya toni. Uzi huo umelegezwa, kwa hivyo huvutika kwa wepesi. Nyuzi za chuma huitikia mvuto kuliko za nailoni, ingawa hewa yetu ya chumvi huzitia kutu upesi, na kitambaa kikavu baada ya kila kupiga si anasa.

Kuhusu umbo la wimbo, usiige lahani za Ayalandi, ambazo kwa kawaida huwa na sehemu mbili za vipimo vinane, kila moja ikirudiwa. Wimbo wetu hufuata beti. Fungua kwa taksimu fupi, yaani utangulizi wa kubuni papo hapo usio na mdundo, piga beti mbili, na beti ya pili iwe na mapambo mengine.

Jaribio la mwisho hulifanya kwa mzee yule yule. Mara ya pili nilipompigia, alianza kuimba maneno kwa sauti ya chini tangu ubeti wa kwanza, akaendelea mpaka mshororo wa tatu wa ubeti wa pili, kisha akanyamaza ghafla. Pale nilikuwa nimebakiza kodi moja. Niliiondoa nikiwa bado nimekaa hapo, nikarudia ubeti, naye akaumaliza.