Somo: Asilimia ya ongezeko na punguzo, kwa walimu wa darasa la sita hadi kidato cha pili

Walimu wenzangu, hamjambo. Leo tunashika mada ambayo mitihani haichoki kuileta: bei imepanda kutoka sh. 40,000 hadi sh. 50,000, imeongezeka kwa asilimia ngapi? Kutoa wanajua, kugawanya wanajua, kuzidisha kwa 100 ndiyo kabisa. Wanapokwama ni kwenye namba ya kugawanyia. Kwa hiyo somo zima nimelijenga juu ya swali moja, na ulirudie mpaka watoto wenyewe waanze kukuwahi kulisema: asilimia ya nini?

Unahitaji ubao, rula ya mita moja, chaki za rangi mbili na risiti halisi ya dukani. Tenga vipindi vitatu au vinne. Anayetaka kulimaliza kwa kipindi kimoja atalifundisha tena mwezi wa kumi, wakati wa marudio.

Hatua ya 1: Wabishane kwanza

Andika ubaoni:

Daftari: sh. 500, sasa sh. 1,000
Begi: sh. 25,000, sasa sh. 25,500

Uliza kipi kimepanda bei zaidi, halafu nyamaza. Wapo watakaosema vimelingana, vyote vimepanda 500. Wapo watakaosema begi, kwa kuwa lina bei kubwa. Na hakosekani mmoja wa nyuma kule atakayesema daftari, maana ukienda dukani na mia tano yako ya jana leo unarudi mikono mitupu, wakati mwenye hela ya begi anaongeza kidogo tu anaondoka nalo. Mwache huyo awashawishi wenzake. Usimsaidie.

Wakishabishana vya kutosha, ndipo useme: wanaotaja 500 wametaja tofauti, na hawajakosea. Asilimia inafanya kazi nyingine, inailinganisha tofauti hiyo na bei ya mwanzo. Daftari limepanda 500 juu ya 500, hiyo ni 100%. Begi limepanda 500 juu ya 25,000, hiyo ni 2%. Kanuni bado hujaiandika, na usiiandike.

Hatua ya 2: Ukanda wa vyumba kumi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Chora ubaoni ukanda wa sm 80. Huu ni viatu vya shule vya sh. 40,000, kila sm 20 ni sh. 10,000. Ugawe vyumba kumi vilivyo sawa. Kila chumba ni 10%, kina sm 8, na thamani yake ni sh. 4,000. Bei imepanda hadi sh. 50,000, kwa hiyo ongeza kipande cha sm 20 kwa chaki ya rangi nyingine. Mwite mwanafunzi apime: kipande kile kinaingia vyumba vingapi? Viwili na nusu. Basi ongezeko ni 25%.

Sasa chini yake chora ukanda wa pili, wa sm 100. Msimu wa kufungua shule umepita, muuzaji anairudisha bei kutoka sh. 50,000 hadi sh. 40,000. Gawa vyumba kumi tena. Safari hii chumba kina sm 10 na thamani yake ni sh. 5,000. Kata kipande cha mwisho cha sm 20. Ni vyumba vingapi? Viwili. Punguzo ni 20%.

Darasa litakataa. "Mwalimu, si ni elfu kumi ile ile?" Ndiyo, ni ile ile, na vipande vyote viwili vina sm 20, wapime wenyewe. Kilichobadilika ni ukubwa wa chumba, na chumba kimebadilika kwa sababu bei tuliyoanzia imebadilika. Wape rula waende ubaoni wahakikishe kwa mikono yao. Mtoto aliyepima sm 8 na sm 10 hutamwambia tena "gawa kwa namba ya mwanzo" ukabaki unamwomba akuamini.

Chora kwa kipimo kweli. Ukichora kwa kukadiria, vyumba vya ukanda wa juu na wa chini vikatokea sawa, umewafundisha lile kosa lenyewe.

Hatua ya 3: Sasa kanuni

Tofauti ÷ kianzio (namba tuliyoanzia) × 100.

Dai kazi iandikwe kwa mistari mitatu kabla ya hesabu yoyote:

Kianzio = 40,000
Mwisho = 50,000
Tofauti = 10,000

Mimi mstari wa kianzio naupa alama yake, hata kama jibu la mwisho limeharibika. Mwanafunzi anayelazimika kuandika "kianzio" analazimika kusoma swali.

Baada ya mifano miwili mitatu ya duka, wape namba za nchi. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Tumia milioni 44.9 na 61.7. Tofauti ni milioni 16.8, na ukigawanya kwa 44.9 unapata ongezeko la takriban 37.4%. Kisha Kenya: sensa ya 2009 watu 38,610,097, ya 2019 watu 47,564,296. Waache watafute wenyewe, watapata kama 23%. Kote ni miaka kumi, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki. Yule atakayegawanya kwa 61.7 atapata 27%. Usimfutie. Mwambie aichukue hiyo 27% ya milioni 44.9 aijumlishe, aone kama anafika 61.7. Hafiki.

Hatua ya 4: Kwenda mbele

Hii ni nyepesi. Mzigo wa sh. 50,000 kabla ya kodi, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 18%, mteja analipa ngapi? Njia ya kwanza: tafuta 18% ya 50,000, ni 9,000, jumlisha, 59,000. Njia ya pili: bei mpya ni 118% ya ile ya zamani, zidisha 50,000 kwa 1.18. Wanafunzi wanaipenda ya kwanza. Wakubalie, lakini hakikisha kila mmoja anaweza kusema "ikipanda 18% inakuwa 118%, ikishuka 18% inakuwa 82%." Bila sentensi hiyo hatua inayofuata haiendi.

Hatua ya 5: Kurudi nyuma

Toa risiti yako ya mashine. Tuseme jumla iliyolipwa ni sh. 11,800 na VAT ya 18% imo ndani. Bei kabla ya kodi ilikuwa ngapi?

Karibu darasa zima litafanya hivi: 18% ya 11,800 ni 2,124, toa, inabaki 9,676. Iandike ubaoni kwa heshima zote. Halafu waambie waongeze VAT juu ya 9,676 waone: 9,676 × 1.18 ni 11,417.68. Hela imepotea njiani. Imeendea wapi?

Rudi kwenye swali letu. 18% ya nini? Kodi ilipigwa juu ya bei ya kabla, si juu ya jumla. Kwa hiyo 11,800 ni 118%. Gawa kwa 118 upate 1%, ambayo ni sh. 100. Zidisha kwa 100 upate 10,000. Kisha waoneshe kwenye risiti yenyewe pale panapoandikwa jumla bila kodi na kodi yake. Watoto hupenda wakikuta mashine ya dukani nayo imefanya hesabu yao.

Hatua ya 6: Panda, shuka

Swali moja tu, na watabiri kabla ya kukokotoa. Bei sh. 10,000 imepanda 20%, halafu imeshuka 20%. Iko wapi? Wengi watasema imerudi 10,000. Hesabu: 12,000, kisha toa 2,400, inabaki 9,600. Anayemaliza mapema aanze na kushuka: 8,000, kisha ongeza 1,600, 9,600 vilevile. Kwa nini zote zinaangukia pamoja? Mwenye njia ya kuzidisha atajibu mara moja: 1.2 × 0.8 au 0.8 × 1.2, ni 0.96. Hapo ndipo wale wa njia ya kwanza wanaanza kuitamani ya pili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Wangu kwenye kupanda wanapata, kwenye kushuka wanakosa wote. Wanagawa kwa namba ndogo kila mara. Nifanyeje? (Darasa la saba, Dodoma)*

Ni mpangilio wa mazoezi, mwalimu wangu. Vitabu vingi vinaweka ongezeko lote kwanza, punguzo baadaye. Mtoto akifanya maswali kumi ya kupanda, kianzio kila mara ni ile namba ndogo, naye anajitengenezea kanuni yake: gawa kwa ndogo. Inamlipa mara kumi, kwa nini aiache? Changanya tangu siku ya kwanza, moja linapanda, mawili yanashuka, bila mpangilio. Na kuna maswali ambayo namba kubwa inatajwa kwanza lakini ndiyo ya mwisho: "Mavuno ya mwaka huu ni magunia 60, mwaka jana yalikuwa 48." Hayo ni mazuri sana. (Ni 25%.)

*Samahani mwalimu, mimi ni mzazi. Mwanangu ameandika ongezeko la 400% nikamwambia haiwezekani, asilimia mwisho wake mia. Nimemdanganya?*

Mzazi, mwombe radhi kidogo tu. Ongezeko halina mwisho. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania kama milioni 12.3, ya 2022 milioni 61.7. Tofauti ni milioni 49.4, na hiyo ni takriban 400% ya kianzio. Angalia pia kwamba tumekuwa mara tano, si mara nne: 100% tuliyokuwa nayo, jumlisha 400% iliyoongezeka. Hapo hata watangazaji wa redio wanateleza. Punguzo ndilo lenye mwisho. Bei haiwezi kushuka zaidi ya 100%, maana ikifika hapo unapewa bure.

*Huku Kenya mwaka 2023 VAT ya mafuta ilitoka 8% ikafika 16%. Gredi ya 8 wangu wanasema imeongezeka 8%. Nimewapa alama, sasa nina wasiwasi. (Nakuru)*

Wasiwasi wako ni wa haki, mwalimu. Kiwango kimepanda kwa pointi 8 za asilimia. Ukiuliza kimeongezeka kwa asilimia ngapi, kianzio ni 8, tofauti ni 8, jibu ni 100%. Huku Bara VAT ilishuka mwaka 2009 kutoka 20% hadi 18%: pointi 2, ila punguzo ni 10%. Kitu chenyewe kikiwa tayari ni asilimia, wafundishe kusema "pointi" wanapotoa tu. Alama usizirudishe, swali lako nadhani halikubainisha.

*Watoto wangu wanachanganya "imeshuka kwa 20%" na "imeshuka hadi 20%". Ni kusoma haraka tu?*

Kwa wengine ni haraka, kwa wengine hawajawahi kuoneshwa. Tumia ukanda. "Kwa 20%" unakata vyumba viwili, vinabaki vinane. "Hadi 20%" unakata vinane, vinabaki viwili. Swali moja la kila aina, ukanda uleule, dakika tano.

*Duka limebandika punguzo 20%, halafu kwa mwenye kadi 10% zaidi. Nimewapa darasa, nusu wanasema 30%. Mimi mwenyewe nimebabaika. (Kidato cha kwanza, Tanga)*

Asilimia ya nini? Ile 10% inapigwa juu ya bei iliyokwisha kupunguzwa. Anza na sh. 100,000: inabaki 80,000, kisha unatoa 8,000, inabaki 72,000. Punguzo la jumla ni 28%. Kwa kuzidisha: 0.8 × 0.9 ni 0.72. Wakibisha kwamba ni 30%, wape duka linalotoa 50% na kisha 50% nyingine, waulize kama wanatoka na mzigo bure.

*Kikokotoo niwaruhusu?*

Hatua ya 1 hadi ya 3, hapana, na chagua namba zinazogawanyika vizuri. Kwenye sensa wape kama vipo, kama havipo wafupishe hadi milioni zenye desimali moja. Kikokotoo hakimwambii mtu agawe kwa ipi.

*Sie huku Unguja VAT ni 15%. Nimewapa risiti ya sh. 23,000 kodi ikiwa ndani. Mmoja kagawa kwa 23 akazidisha kwa 20, kapata 20,000, nami sijui kafanyaje. Nimpe alama?*

Mpe zote, na mwite aeleze ubaoni. Bei pamoja na kodi ni 115%, bei kabla ni 100%, na 115 kwa 100 ukirahisisha kwa 5 ni 23 kwa 20. Huyo mtoto hakubahatisha.