Mkanda wa kuzuia ponti: kuupima, kuushona na kuufunga mwenyewe

Wapendwa madereva na mafundi, magari mengi ya hapa Goma yameinuliwa, lakini machache yamewekewa kipande hiki. Gari likishapata resori (springi) ndefu, mwenyewe hufurahia nafasi chini ya tumbo na hakuna anayeuliza ponti, yaani ekseli inayobeba magurudumu mawili, itaishia wapi gurudumu likining'inia. Kwenye njia ya Masisi gurudumu moja hubaki hewani mara kwa mara. Hapo kinachoishikilia ponti ni amortiseri, yaani shokapu, nayo haikuundwa kuwa kamba. Pistoni hugonga mwisho kwa ndani, sili inakufa, mafuta yanavuja, na mwishowe jicho la chini linakatika. Mkanda wa kuzuia huchukua mzigo huo kabla amortiseri haijafika mwisho.

Kupima

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo usikimbilie kushona.

Simamisha gari mahali pa sawa, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Inua kwa kriki (jeki) chini ya shasi, si chini ya ponti, kisha ulaze shasi juu ya vigingi vya chuma, yaani stendi za kuegemeza gari. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja.

Fungua amortiseri zote mbili za ponti hiyo. Vuta moja mpaka mwisho, upime toka inapofungwa juu hadi inapofungwa chini. Tuseme umepata sentimita 60. Toa 2: ponti isivuke 58.

Sasa weka kriki ya pili chini ya ponti, ushushe polepole. Angalia mpira wa breki (bomba lake la mafuta), waya wa ABS (breki zisizofunga magurudumu) kama upo, mpira wa kupumulia wa difa (difrensha), na pembe ya kardani (propela shafti). Kama ni ponti ya mbele, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Kama resori ni za koili, hakikisha koili haichezi kwenye kikombe chake. Kifaa kinachofika mwisho kabla ya vingine ndicho kinachopanga urefu wa mkanda. Kwenye gari lililoinuliwa mara nyingi ni mpira wa breki, na huo ukikatika porini huna breki. Ndiyo maana kipimo cha jirani hakikufai, hata kama magari yenu yanafanana.

Iache ponti pale pale ilipokomea.

Vishikio

Chagua mahali karibu na amortiseri, mkanda usimame wima, mbali na egzosi na mbali na kardani. Fikiria pia ponti ikipanda: mkanda utajikunja, na mkunjo huo usiingie kwenye koili wala chini ya mpira wa kugongea.

Kishikio cha juu ni bati la chuma la milimita 6 lenye matundu matatu yaliyopangwa wima, sentimita 2 kati ya moja na jingine. Utayashukuru wakati wa kurekebisha urefu. Toboa shasi ubavuni, katikati ya kimo chake. Ukingo wa juu na wa chini usiuguse, maana ndio unaobeba mzigo. Kwenye ponti napendelea bati linalobanwa kwa bolti za U kuliko kuchomelea. Sudere (mchomeleaji) asiye makini anaweza kuipinda ponti kwa joto, na kile kitumbo cha difa cha chuma cha kumimina kisichomelewe kabisa. Bolti ziwe za milimita 12, zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani.

Mkanda

Tumia mikanda ya kufungia mizigo ya malori, upana wa sentimita 5. Soma lebo yake: kwa kanuni ya Ulaya, lebo ya bluu ni poliesta, ya kijani ni nailoni, ya kahawia ni polipropileni. Nailoni ni nzuri kuliko zote hapa kwa sababu hunyooka kidogo na kupunguza kishindo. Poliesta inafaa. Ya kahawia iache. Mkanda uliopauka kwa jua, hata ukionekana mzima, usiuchukue.

Kunja tabaka nne. Kila mwisho uzunguke kipande cha bomba la chuma, ili bolti ikaze bomba na si nguo. Usitoboe mkanda kwa msumari wa moto, wala usiufunge fundo. Fundo hula karibu nusu ya nguvu. Mpelekee fundi anayeshona bashe (maturubai) za malori, mwambie atumie uzi wa nailoni au poliesta, si pamba, na apite huku na huku kwa zigizaga kwenye urefu wa sentimita 15 kila upande. Urefu toka bomba hadi bomba uwe umbali toka tundu la kati la kishikio cha juu hadi tundu la kishikio cha chini, ponti ikiwa pale ilipokomea, ukitoa sentimita 1 au 2 za kunyooka.

Kisha uvalishe mkanda kipande cha shambreri (tyubu) ya zamani. Changarawe ya lava ya kwetu hukata nyuzi kama msasa.

Funga tundu la kati, rudisha amortiseri, ondoa kriki ya ponti. Mkanda ukaze huku amortiseri ikiwa bado na sentimita 1 hadi 2 za kwenda. Baada ya safari chache mbovu rudia kipimo, maana mkanda mpya hujinyoosha. Hapo ndipo tundu la juu linapofanya kazi.

Maswali ya wanachama

*Dereva wa Bukavu:* Yaya, Land Cruiser yangu ni ya resori za majani mbele na nyuma, haijaguswa tangu kiwandani. Niweke?

Hapana, ndugu yangu. Majani yenyewe huzuia ponti, na amortiseri za kiwandani zimepangwa kwa urefu huo. Lakini fundi akikuwekea jumeli ndefu (vyuma vinavyoshikilia mwisho wa resori kwenye shasi), pima upya siku hiyo hiyo.

*Mwanachama wa Lubumbashi:* Huku kwetu mipira ya kubebea mawe ya migodini inapatikana. Na kebo ya chuma je?

Papa, mpira ule ni mgumu kujikunja na hupasukia kwenye tundu la bolti. Utumie kukinga mabomba ya breki na mawe. Kebo nayo hainyooki: kishindo chote kitaishia kwenye kishikio, na kitang'oa bati au kupasua shasi.

*Mama mwenye Prado, Goma:* Fundi, gari litakuwa gumu? Na mbele hakuna ponti, nifanyeje?

Mama, ugumu hautausikia, kwa kuwa mkanda hulegea wakati wote isipokuwa gurudumu likining'inia. Mbele, mkono wa chini unaobeba gurudumu ndio ungefungiwa, na mkono huo usichomelewe wala kutobolewa. Kama gari limeinuliwa mpaka amortiseri inagonga kila shimo, anza kwa kushusha gari kidogo. Mkanda usitumike kuficha kuinua kulikopita kiasi.

*Kijana wa garaji, Sake:* Mkubwa, mkanda mmoja katikati ya ponti hautoshi?

Wa katikati huzuia magurudumu yote mawili yasishuke pamoja, lakini moja likishuka peke yake ponti inainama, na amortiseri ya upande huo inavutika vile vile. Weka miwili, mmoja kila upande, yenye urefu sawa.