Kurudishia lipu ya chokaa kwenye boma la zamani

Ukuta wa mawe na chokaa wa enzi za Mjerumani hapa Mwanza (Waingereza waliuchukua mji 1916, piga hesabu ya umri wake mwenyewe) haupigwi saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi inasukuma, rangi inabanduka. Gonga kwanza kwa mpini wa mwiko: panapolia kama debe tupu, bandua kwa tindo mpaka ufike kwenye jiwe. Sugua vumbi, nyunyizia maji hadi jiwe liache kunywa. Changanya chokaa iliyozimwa kwa maji ndoo moja, mchanga uliochekechwa ndoo tatu. Tabaka lisizidi sentimita moja. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa. Tajiri (mwenye jengo) atakuharakisha, wote ndivyo walivyo. Tabaka la pili lisubiri mpaka ukucha usizame kwenye la kwanza.