SOMO: Namna ya kuinadi bidhaa ya kitaalamu kwa watu wasiofanana

Wakuu, habari zenu. Wengi wetu tunajua kutengeneza, ila tukisimama mbele ya watu tunaanza kutaja prosesa na memori, ukumbi mzima unasinzia. Inaniuma, maana kazi nzuri zinakufa hivyo. Tuchukue mfano wa kifaa kinachopima maji ya tangi na kutuma ujumbe kwenye simu.

Hatua ya 1: Jua nani kakaa mbele yako.
Mwenye nyumba anaogopa kuamka akakuta tangi tupu. Mhasibu anataka kujua gharama itarudi lini. Fundi atauliza betri inadumu muda gani, na mtandao ukikatika vipimo vinahifadhiwa wapi.

Hatua ya 2: Geuza kipimo kiwe kitu cha maisha.
Oktoba 2001 Steve Jobs, bosi wa kampuni ya Apple, alipoitambulisha iPod, kifaa kidogo cha kusikilizia muziki, ndani mlikuwa na diski ya kuhifadhia ya GB 5. Kilichobaki vichwani mwa watu ni nyimbo 1,000 mfukoni. Lakini fundi mpe GB 5 zake! Ukimwambia "kinafanya kazi haraka sana" atahisi unaficha kitu.

Hatua ya 3: Onyesha kwanza, maelezo baadaye.
Hapa ndipo penye kazi. Nenda na ndoo ya maji. Funga sensa (kile kipimio cha kifaa chako) juu yake, sajili namba ya mteja, kisha mpe kikombe achote mwenyewe. Maji yakishuka, simu inayolia iwe yake, si yako. Mimi niliwahi kutegemea intaneti ya ukumbini, ikagoma, nikabaki nimeshika simu huku watu wananitazama. Tangu siku hiyo natembea na bando langu na video niliyorekodi mapema.

Hatua ya 4: Taja udhaifu wa kifaa chako kabla hujaulizwa.

MASWALI

Mkuu, kama mabosi na mafundi wako chumba kimoja?
Anza na ndoo, wote wataielewa. Vipimo viweke kwenye karatasi uwagawie mafundi, na ubaki nao mkutano ukiisha.

Bei niitaje lini?
Akishachota maji. Ukiitaja mapema ataipima na pesa aliyonayo, akishaona ataipima na shida aliyonayo.

Nikiulizwa jambo nisilolijua?
Sema hulijui, andika swali mbele yake, na umpigie siku uliyomwahidi. Fundi mmoja aliyenibana hivyo ndiye aliyekuja kunitetea kwa bosi wake.