Kabla Hujamlenga Mnyama Mkubwa: Mambo ya Kuzingatia

Umbali wako wa kupiga haupangwi porini. Unaujua mapema, kwenye uwanja wa shabaha, na wala si kwa kulaza bunduki mezani juu ya mfuko wa mchanga. Mezani kila mtu fundi. Piga ukiwa umepiga goti, umekaa chini, au umesimama na bunduki imeegemea fimbo, tena ukiwa unahema baada ya kukimbia kidogo. Weka karatasi ya duara yenye upana wa sentimita 15. Risasi zote tano zikiingia ukiwa mita 100 na zikaanza kupotea mita 150, basi mpaka wako ni 100, hata kama bunduki yenyewe ina uwezo wa mara tatu ya hapo. Risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, ndiyo uitazame zaidi, maana porini huenda usipate ya pili.

Darubini ya bunduki ikishatikiswa na safari, ijaribu upya kabla ya kuingia kuwinda. Tumia risasi za aina ile ile uliyofanyia mazoezi. Kuhusu ukubwa wa bunduki unaoruhusiwa kwa kila mnyama, soma kibali chako.

Kisha ujifunze mwili wa mnyama. Wengi hulenga katikati ya ubavu, na hapo ndipo utumbo unapopasuliwa. Moyo uko chini, katikati ya miguu ya mbele, na mapafu yako juu yake. Mnyama akikupa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi ya kwanza ya kimo cha kiwiliwili. Akiwa amegeuka kidogo kukupa kisogo, ilenge risasi ili itokee kwenye bega la upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, au akikupa makalio, subiri. Kichwa nacho mimi nakikataa kabisa: ubongo ni mdogo, shingo haitulii, na mnyama aliyevunjwa taya hukimbia akafe kwa njaa siku kadhaa baadaye.

Angalia na nyuma yake. Risasi inaweza kumtoboa huyu ikamjeruhi mwenzake, na anayesimama juu ya kilele cha kilima hapigwi, kwani hujui risasi itatua wapi. Hata kijiti kimoja njiani chaweza kuipotosha.

Ukishapiga, pakia nyingine papo hapo bila kumwondolea macho, na ushike alama ya pale aliposimama. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu. Huyo hayuko mbali. Nyekundu iliyokoza, inayokaribia weusi, huenda ni ya ini. Ikichanganyika na majani yaliyotafunwa, umepiga tumbo, na itabidi ungoje saa kadhaa kabla ya kumfuata, la sivyo utamfukuza azidi kwenda. Kwa hiyo tazama jua kabla ya kulenga. Likiwa limebakiza nusu saa kuzama, mimi hushusha bunduki.